Vumbi Lisilohama

Mulumba mpiga picha alikutwa amelala kifudifudi katika chumba chake cha giza, shavu moja ndani ya beseni la dawa, na kila kitu kilichomzunguka kikiwa chekundu. Watu wa soko la Kashikishi waliochungulia walipiga kelele kwamba damu imejaa hadi darini. Haikuwa damu. Ilikuwa taa ya mafuta yenye kioo chekundu, bado inawaka, maana aliyemuua hakukumbuka kuizima. Damu yenyewe ilikuwa kidogo, nyuma ya sikio, ya kujaa kijiko.

Inspekta Chishimba alisimama kizingitini akavua kofia. Alikuwa ameona maiti nyingi katika kazi yake, za majini na za nchi kavu, lakini hakuwa amewahi kuingia mahali palipofanana hivi na tumbo la samaki: pafinyu, penye unyevu, na kamba zilizotundikwa nyuso za watu. Maharusi, watoto wachanga, wazee wenye fimbo. Wote walikuwa wanakauka, na wote walikuwa wanamtazama.

"Waliona," alinong'ona Sajini Mwaka, "ila hawasemi."

"Chukua alama za vidole, Sajini. Nyuso niachie mimi."

Ilikuwa Oktoba ya mwaka sabini na nne, mwezi ambao jua la Ziwa Mweru hukausha samaki na midomo kwa pamoja, na upepo huokota vumbi la barabara ukalipeleka hata lisikoalikwa. Karibu na maiti palikuwa na jiwe bapa la mtoni, lile ambalo Mulumba alikandamizia picha zake zisijikunje. Ukingo wake ulikuwa na unywele mmoja. Daktari wa wilaya aliinama, akainuka.

"Pigo moja tu. Fuvu limepasuka. Alikufa kati ya saa nne na saa sita mchana."

Sajini alipaka jiwe unga wake mweusi kwa brashi. Vidole vikatokea, vyembamba, vya mwanamke. Kabla jua halijazama, vidole hivyo vilikuwa vimepata jina: Agnès, dada mkubwa wa marehemu, mjane aliyevuka ziwa pamoja naye kutoka Katanga miaka kumi nyuma, wakafungua studio na kufanya kazi wawili. Mulumba alipiga na kusafisha picha, Agnès alizirembesha.

Rosaria, muuza samaki wa kibanda cha jirani, aliulizwa mbele ya watu.

"Ulisikia nini asubuhi?"

"Balikuwa banagombana, mukwai, bwana mukubwa. Mulumba na dada yake."

"Juu ya nini?"

"Juu ya vumbi."

"Vumbi?"

"Vumbi, Ba Inspekta! Batu ba picha bale! Mulumba analia, 'Unafagia hapa fasi picha iko wazi!' Dada anajibu, 'Basi kaa na uchafu wako!' Mi nikacheka. Sasa sicheki tena."

"Nani mwingine aliingia?"

"Sikuona, nilikuwa nageuza samaki wangu nyuma. Lakini kitambaa chekundu kilikuwa mulangoni. Kikiwa pale, hakuna mutu anaingia. Hata pasta anangoja inje. Anaingia Agnès peke yake."

Vidole, ugomvi, na mlango usioingiwa na mwingine. Ilitosha. Agnès akawekwa rumande katika kituo cha Nchelenge, na Inspekta akaandika kwamba Alhamisi lori la polisi litampeleka Mansa kujibu shtaka la kuua kwa kukusudia. Kwa shtaka hilo, kila mtu alijua, mwisho wa njia ni kamba.

Siku ile ilikuwa Jumanne.

Jumatano asubuhi Inspekta alimkuta ameketi wima sakafuni, kitenge kimefungwa vizuri, kana kwamba anangoja ibada ianze.

"Mama Agnès, ulimuua mdogo wako?"

"Hapana."

"Vidole vyako viko juu ya jiwe."

"Viko juu ya jiwe, viko juu ya meza, viko juu ya sufuria. Minashika lile jiwe kila siku. Vya nani vingine vitakaa pale?"

Inspekta alikohoa. Hilo alipaswa kulifikiria mwenyewe.

"Bwana Komiseri," Agnès alisema, akimwita kwa cheo cha polisi wa kwao, "ile picha ya kanisa iko wapi?"

"Picha gani?"

"Kubwa, ya ubatizo. Kanisa linaitaka ya ukutani. Mi nipone ao nisipone, isitoke na mavumbi. Mulumba hakupeanaka picha chafu hata siku moja."

"Unashtakiwa kwa kuua, nawe unaniletea habari za vumbi?"

"Njo ile, ndiyo kazi ninajua."

Picha ilikuwa ofisini, miongoni mwa vielelezo, kwa kuwa ilikutwa mezani karibu na mkono wa marehemu. Inspekta alituma iletwe. Ilikuwa na ukubwa wa sinia. Ilionyesha wabatizwa wenye mashuka meupe wamesimama ndani ya maji hadi kiunoni, mchungaji ameinua mkono, na nyuma yao Ziwa Mweru limelala hadi mahali mbingu inapolishika. Na kila mahali palikuwa na madoa madogo meupe, kama mtu amenyunyiza unga wa mihogo.

Agnès aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Kitendawili."

"Tega," Inspekta alijibu, kabla hajakumbuka kwamba yeye ni polisi.

"Mugeni wangu ni mweusi, lakini fasi analala inabakia nyeupe."

Inspekta alifikiri. Sajini Mwaka, aliyesimama mlangoni, alifikiri pia.

"Nimeshindwa. Nikupe mji gani?"

"Wowote, ila Mansa hapana."

Sajini alicheka, akajifanya anakohoa. Inspekta naye alijikaza.

"Haya, nakupa Kashikishi yote na samaki wake. Jibu?"

"Vumbi. Linalala juu ya klishe, ile filamu ndogo. Mwangaza wa mashine ukishuka, vumbi linauzuia. Fasi mwangaza haufike, karatasi inabakia nyeupe. Kama mutu anakingia jua na kofia. Sasa pitisha kidole hapa."

Inspekta alipitisha kidole juu ya doa jeupe. Laini.

"Na hapa."

Laini.

"Na hapa, mbali, nyuma ya bega la pasta."

Kidole kilikwama. Doa lile lilikuwa jeupe kama mengine, labda kubwa zaidi kidogo, lakini ngozi ya karatasi ilikuwa imechubuka. Aliielekeza picha kwenye dirisha, ikilala upande, akaona nyuzi za karatasi zimesimama kama manyoya ya kifaranga.

"Vumbi halikwaruzi karatasi, Bwana Komiseri. Mutu njo anakwaruza. Na wembe. Kulikuwa na kintu cheusi pale, akakitosha, akakiondoa, akasema moyoni, hapa meupe iko mingi, nani atahesabu moja zaidi?"

Inspekta Chishimba aliivuta picha karibu. Alikuwa amelala na picha ile mezani kwake usiku mzima.

"Si kazi yako hii?"

"Mi naanza na nyeupe zote, nazipaka wino na brashi ya nywele moja. Siwezi kuacha mia nikakwaruza moja. Hata kipofu hafagii nyumba hivyo."

"Na Mulumba?"

"Mulumba hakushikaka wembe. Mukono wake ulikuwa unatetemeka."

"Aliongea nini juu ya picha hii?"

Agnès aliigeuza picha kifudifudi. Machozi yalimjia kwa mara ya kwanza, akayafuta kwa ncha ya kitenge.

"Njo tuligombana. Alikuwa na haraka, hakungoja vumbi lilale. Alisema, 'Dada, humu kuna neno la kilio. Neno la kilio linaenda kwanza kwa mwenye kilio.' Nikamuuliza, kilio cha nani? Akasema, 'Mwenyewe akilisikia, na wewe utalisikia.' Mi nikatoka na hasira kuchota maji."

Inspekta aliijua desturi ile. Pande zote mbili za ziwa, habari ya kifo haipelekwi kwanza kwa polisi wala kwa jirani. Hupelekwa kwa mkuu wa matanga, naye ndiye huwaambia wengine. Na Jumapili ile ya ubatizo, majuma matatu nyuma, ziwa lilikuwa limechukua mtu mmoja: Mwenze, mvuvi wa kutoka ng'ambo aliyeoa Kashikishi. Mtumbwi wake ulikutwa mtupu kwenye matete. Inspekta mwenyewe aliandika ripoti: alizama akiwa peke yake. Aliyesema hivyo, kwa kiapo, ni Kapembwa, shemeji wa Mwenze na kaka wa mjane. Ndiye aliyekuwa mkuu wa matanga.

"Twende studio," alisema.

Bahasha ya klishe za Jumapili ile ilikuwa kwenye sanduku lake, tupu. Sajini alipiga paja.

"Amezichukua zote."

"Anajua klishe zinakaa kwa bahasha," Agnès alisema. "Lakini mashine haijui. Fungua ule mudomo wake, Bwana Komiseri. Polepole."

Mashine ya kukuzia ilisimama kama korongo mwenye shingo ndefu, kichwa kimeinama mezani, mkia wake waya uliofungwa kwenye betri ya lori. Inspekta alivuta kijisahani kilichokuwa katikati ya kichwa. Vioo viwili. Katikati ya vioo, filamu moja, ndogo kuliko kiganja cha mtoto, imeshikwa pale tangu Mulumba aliposhikwa na mauti.

Inspekta alimkabidhi Agnès kijisahani.

Kisha Agnès alifanya kazi, na Inspekta aliona kwamba hata sala ina watu wanaoiharakisha kuliko mwanamke yule alivyoiharakisha kazi yake. Alinyunyiza maji sakafuni ili vumbi lilale. Akajifunga kitenge chenye unyevu. Alishika filamu kwa kingo tu, akaiinamisha kwenye mwanga, akapuliza kwa kijimpira, si kwa mdomo, "maana mate ni mabaya kupita vumbi." Akapangusa vioo kwa kitambaa cha hariri kilichofuliwa mara nyingi hata kikakaribia kuwa hewa. Akapandisha kichwa cha mashine hadi juu kabisa, akakigeuza nje ya meza, mwanga ukashuka mpaka sakafuni. Bega la mchungaji likawa kubwa kama mlima. Nyuma ya bega, ziwa.

"Nataka ile fasi tu," alisema. "Musipumue."

Mwanga ukazimwa. Karatasi ikaingia ndani ya dawa, ikaelea, nyeupe tupu. Inspekta aliinama juu ya beseni, taa nyekundu usoni. Mwanzo hakuona kitu. Kisha kitu kikaja, pasipo mkono wa mtu kukileta: mstari wa maji, kivuli, ubavu wa mtumbwi. Yule mwanamume wa miaka arobaini na tano, mwenye nyota begani, alijikuta amevua kofia tena.

"Mungu wangu," alisema polepole.

Mtumbwi, wenye pua iliyokatika kama ule uliokutwa kwenye matete, ulikuwa na watu wawili. Mmoja amesimama, anavuta wavu. Wa pili ameketi nyuma, na kifuani pake palikuwa na weupe wenye pembe tatu.

"Mwenze hakuwa peke yake," alisema Sajini.

"Na huyu wa nyuma, kifua kina nini?" Inspekta aliuliza. "Shuka? Kitambaa cha hospitali, cha kufungia mkono?"

Kapembwa, wote walikumbuka, alikuwa amevunjika mkono majuma machache kabla ya ubatizo, injini ya boti ilipomwangukia. Zahanati ilimfungia kitambaa cheupe shingoni.

Lakini Agnès alitikisa kichwa.

"Nyeupe inaweza kuwa vumbi. Siwezi kumufunga mutu na vumbi, wakati mi mwenyewe niko rumande."

Inspekta alimtazama. Kamba ilikuwa inangoja shingo ya mwanamke huyu, naye alikuwa anakataa kumvika mwingine bila uhakika.

"Tutajuaje?"

"Vumbi linahama. Ukisafisha, hili linaenda, lingine linakuja kukaa fasi ingine. Kilichokuwa mbele ya kamera hakiwezi kuhama."

"Basi tutasafisha mbele yake."

Kapembwa aliletwa saa nane mchana. Mtu mrefu, mpole, mkono wa kushoto umeshapona lakini bado hakuunyoosha wote. Aliingia chumba cha giza akainamisha kichwa, ingawa dari halikuwa chini hivyo.

"Jumapili ya ubatizo ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, mukwai. Mkono uliniuma."

"Hukupanda mtumbwi?"

"Na mkono mmoja? Ningefanya nini?"

"Jana ulikuja hapa?"

"Sijawahi kuingia humu."

Inspekta alimwonyesha picha iliyolowa. Kapembwa aliitazama kidogo mno.

"Hao ni wavuvi. Ziwa lina wavuvi wengi."

"Na weupe huu kifuani?"

"Vumbi," alijibu upesi. "Picha zote zina vumbi."

"Umesema kweli, baba," Agnès alisema kwa upole uliowashangaza wote. "Shika kijimpira. Puliza mwenyewe."

Kapembwa alipuliza. Karatasi ya pili ikaingia kwenye dawa. Doa lililokuwa angani halikuwepo. Lingine lilikuwa limetua juu ya maji. Pembe tatu nyeupe ilikuwa palepale kifuani.

"Puliza tena. Na vioo, pangusa."

Karatasi ya tatu. Unywele mdogo mweupe ulitokea pembeni, umejikunja kama mnyoo. Maji yalikuwa safi. Mtumbwi ulikuwa safi. Pembe tatu ilikaa palepale.

"Moja tena," alisema Kapembwa. Jasho lilimtiririka shingoni.

Safari ya nne alipangusa yeye mwenyewe, kwa muda mrefu, kama mtu anayeosha maiti. Karatasi ikaelea. Wote wanne waliinama. Kutoka kwenye weupe mtupu watu wawili walirudi tena mtumbwini, polepole, hawana haraka na mtu. Safari hii hapakuwa na vumbi hata chembe. Palikuwa na kitambaa tu, na fundo lake lilionekana shingoni.

Kapembwa alikaa chini kwenye sakafu yenye maji.

"Mtoeni," alisema. "Mtoeni humo ndani. Anarudi kila mara."

"Nani?"

"Mwenze."

Inspekta alichuchumaa mbele yake. "Sema yote."

"Alinibembeleza nikamtolee maji kwa kopo, mtumbwi unavuja. Ningekataaje shemeji? Alisimama kuvuta wavu, wimbi likaja ubavuni, akaanguka nao, ukamzonga. Alinyoosha mkono. Kasia lilikuwa miguuni mwangu, Ba Inspekta. Miguuni. Nilisema, nikimpa atanivuta, nami mkono mmoja, tutakufa wote. Nikaangalia. Maji yakanyamaza. Upepo ukanipeleka kwenye matete, nikashuka, nikaenda nyumbani nikalala."

"Kwa nini hukusema?"

"Anayerudi peke yake ziwani, si unajua watasema nini? Ndugu zake wa ng'ambo wangesema nimemuuza kwa ziwa kwa uchawi. Dada yangu angesema hivyo. Kwanza nilinyamaza siku moja. Siku ya pili nikala kiapo. Baada ya kiapo, njia ya kurudi ikafungwa."

"Na Mulumba alikutisha?"

"Kunitisha?" Kapembwa alicheka kicheko kibaya kisicho na sauti. "Alikuwa na furaha! Alinipitisha kwenye kitambaa chekundu kwa mkono wake. Akasema, 'Ndugu, nimekuletea faraja. Shemeji yako hakufa peke yake. Yuko mutu alimuona mwisho, tumutafute aseme.' Uso haukuonekana bado, hakunijua. Akasema, 'Leo kuna vumbi mingi, kesho nitasafisha vizuri, tutamujua.' Akageuka kuzungusha dawa. Jiwe nililishika kwa kitambaa; kisha nikakwaruza mtumbwi kwa wembe wa mezani, nikabeba klishe zote za bahasha. Kesho, alisema. Mimi ile kesho sikuweza kuingoja."

Agnès aliweka mkono ukutani. "Alikuita kwa heshima," alisema. "Angepeleka kwa polisi, angekuwa muzima."

Sajini alimwinua Kapembwa kutoka sakafuni.

Alhamisi lori liliondoka kwenda Mansa na Kapembwa. Agnès alikuwa ameshasaini jina lake kwenye kitabu cha kituo, akapewa vitu vyake na ombi la radhi la Inspekta, lililosemwa mara mbili kwa sababu la kwanza halikutoka vizuri. Walikuwa bado studio wakikusanya vielelezo, mwanamke alipobisha. Alikuwa amenyoa kichwa na kuvaa nguo nyeusi ya mjane. Alikuwa Eneless, mke wa Mwenze, dada wa Kapembwa.

Sajini alitaka kumzuia. Inspekta alimshika mkono.

"Wanasema mume wangu yumo humu," alisema Eneless. "Mimi sina picha yake. Kila mwaka alisema, mwaka kesho tutapiga, watoto wakipata viatu."

Agnès aliiendea kamba ya kukaushia. Alimletea ile karatasi ya nne, iliyokauka. Eneless aliishika kwa mikono miwili, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Upepo ulikuwa unapiga vumbi barabarani, na Agnès alisimama upande ule, akalikinga kwa mgongo wake.

"Ni yupi?"

"Aliyesimama."

Mwenze alikuwa mdogo kama punje ya mpunga. Hakuwa na macho wala mdomo. Alikuwa na mgongo tu, na miguu imeachana, na kichwa kimeinama upande wa kushoto kama mtu anayesikiliza wavu.

Eneless alitazama, akatazama. Kidole chake kilipita juu ya karatasi bila kuigusa. Kaka yake alikuwa palepale nyuma, na yeye hakumwangalia hata mara moja.

"Anaweza kukua zaidi?"

"Naweza kumukuza, mama," Agnès alisema. "Lakini nikiongeza, atavunjika. Atakuwa chembe, chembe. Mutu mwingine hatajua kama ni mutu."

"Mkuze," alisema Eneless. "Mimi nitamjua."

Agnès alitundika kitambaa chekundu mlangoni, akachukua kopo la maji, akaanza kunyunyiza sakafu.